Mtoto Akiugua: Mwongozo wa Kutumia Antibiotiki Pasipo Kuzalisha Usugu

Kati ya mwaka 2001 na 2002, watafiti katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, waliwafuatilia watoto wenye umri wa hadi miaka 7 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali mwilini. Miongoni mwa wale waliokutwa na bakteria wa kundi liitwalo Gramu hasi (jina linalotokana na rangi wanayochukua wakipimwa maabara) kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, kiwango kilichozidi mara mbili ya kile cha watoto waliolazwa kwa malaria. Ilibainika pia kwamba mtoto aliyeanzishiwa dawa ambayo bakteria wake tayari walikuwa na usugu dhidi yake alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwenzake aliyepata dawa inayofanya kazi. Tangu wakati huo tatizo halijapungua. Kwa makadirio ya dunia nzima yaliyohusu mwaka 2019, watu wapatao milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na takribani mmoja kati ya kila watano miongoni mwao alikuwa mtoto aliye chini ya miaka 5.

Usugu huu ni wa bakteria, si wa mwili wa mtoto. Katika mamilioni ya bakteria walioko kwenye utumbo, pua na koo, wachache huwa na uwezo wa kuhimili dawa, kwa mfano kwa kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja kabla haijawadhuru. Dawa ikiingia, walio dhaifu hufa na nafasi yao huchukuliwa na hao wachache, ambao huzaana na wanaweza kuwapa hata bakteria wa aina nyingine vinasaba vya usugu wao. Kisha huhamia kwa ndugu wa mtoto, kwa mama na kwa jirani, kupitia mikono, maji na choo. Ndiyo maana mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja antibiotiki hata mara moja anaweza kuugua kwa bakteria aliye sugu tangu siku ya kwanza.

Mwongozo huu unawahusu wazazi na walezi wa watoto walio chini ya miaka 5. Hauchukui nafasi ya mhudumu wa afya. Unakusaidia kujua umwone lini, umuulize nini na ufanye nini ukishafika nyumbani na chupa ya dawa. Msimamo wangu ni kwamba makosa hapa ni mawili na yote yanaua. Moja ni kumpa mtoto antibiotiki asiyoihitaji, na la pili ni kumchelewesha au kumpunja yule anayeihitaji kwelikweli.

Hatua ya 1: Angalia dalili za hatari kabla ya kuwaza dawa

Mtoto ambaye hawezi kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea mno kiasi kwamba haamki vizuri, anapaswa kupelekwa kituo cha afya au hospitali papo hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto ambaye sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea kuingia ndani kila anapovuta pumzi, au anayetoa mlio mkali wa koo anapovuta pumzi ilhali ametulia. Usipitie duka la dawa njiani, na usisubiri kupambazuke.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, kiwango cha tahadhari kiko juu zaidi, kwa sababu mwili wake haujapata nguvu za kupambana na bakteria na hali yake hubadilika ndani ya saa chache. Joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili kuwa wa baridi chini ya nyuzi 35.5, kunyonya kwa shida kuliko jana, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kutojisogeza mpaka aguswe, kila moja ya dalili hizi peke yake inatosha kumpeleka hospitali. Kitovu chenye wekundu au usaha nacho kionwe na mhudumu siku hiyo hiyo, na kisipakwe majivu, samadi wala mafuta ya aina yoyote. Mtoto wa umri huu akihitaji antibiotiki, aghalabu huanza kwa sindano, na kila saa inayopotea ina uzito.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi kwa dakika nzima

Nimonia, ambayo wengi tunaiita kichomi, ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka 5, na pia ni sababu inayotajwa mara kwa mara mtoto mwenye mafua ya kawaida anapopewa antibiotiki. Kuna njia ya kuyatenganisha mafua na nimonia ambayo mzazi yeyote anaweza kujifunza.

Subiri mtoto atulie. Asiwe analia, asiwe ananyonya, na ikiwezekana awe amelala mapajani mwa mama. Pandisha fulana yake ili uone kifua na tumbo, kisha washa saa ya simu na uhesabu sekunde 60 kamili. Kila tumbo linapopanda na kushuka ni pumzi moja. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hakufai, kwa kuwa mtoto mdogo hupumua kwa mikupuo isiyolingana. Ukipata idadi kubwa, mwache apumzike kidogo na uhesabu tena.

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za kasi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni za kasi. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za kasi anahitaji kuonwa na mhudumu siku hiyo hiyo, na kuna uwezekano mkubwa akapewa antibiotiki iitwayo amoksilini. Mtoto mwenye kikohozi ambaye pumzi zake ziko chini ya viwango hivyo, anacheza, ananyonya au anakula, na kifua chake hakibonyei, kwa kawaida ana mafua au kikohozi cha virusi. Andika idadi uliyopata na saa uliyohesabu, kwa kuwa taarifa hiyo itamsaidia mhudumu kuliko maneno "mtoto anahema sana".

Hatua ya 3: Yajue magonjwa ambayo antibiotiki haiyaponyi

Utafiti uliofanyika mwaka 2008 kwa watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba karibu asilimia 71 walikuwa na ugonjwa wa virusi, asilimia 22 walikuwa na ugonjwa wa bakteria, na takribani asilimia 11 walikuwa na ugonjwa wa vimelea kama malaria. Baadhi yao walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Zaidi ya nusu ya watoto wote walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na katika hao ni wachache sana waliothibitika kuwa na nimonia kwa picha ya eksirei. Antibiotiki haina la kufanya kwa virusi. Haipunguzi homa yake, haifupishi siku za ugonjwa, na inachofanya ni kuua bakteria wema wa utumboni na kuwaachia uwanja walio sugu. Mara nyingi humletea mtoto kuhara au utando mweupe mdomoni, mambo ambayo mzazi huyachukua kuwa ugonjwa mpya unaohitaji dawa nyingine.

Makamasi yanapogeuka kutoka maji meupe kuwa mazito ya njano au kijani, wengi huamini kwamba sasa bakteria wameingia. Mabadiliko hayo huonekana hata katika mafua ya virusi yanayoelekea kupona. Kikohozi nacho kinaweza kuchukua wiki 2 kabla ya kuisha kabisa. Kikizidi siku 14, mpeleke mtoto achunguzwe kifua kikuu na pumu, badala ya kumnunulia chupa nyingine ya antibiotiki.

Nyumbani, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe vinywaji vya uvuguvugu ikiwa ameshaanza kunywa vitu vingine, na safisha pua iliyoziba kwa kitambaa laini kilicholowekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo. Asali hutuliza kikohozi, lakini asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Homa kali ishushwe kwa parasetamoli iliyopimwa kulingana na uzito wake. Na yeyote atakayekushauri kwamba kikohozi kinatokana na kimeo na kwamba kikikatwa kitakwisha, mkatalie kwa heshima. Jeraha lile la kooni linaweza kumwachia mtoto maambukizi ya bakteria ambayo hakuwa nayo.

Kwa kuhara kwa majimaji, matibabu ni maji ya chumvichumvi na zinki. Changanya pakiti moja ya ORS (unga wa maji hayo ya chumvichumvi) kwenye lita moja ya maji safi na salama, bila kuigawa pakiti kwa kukisia. Mpe mtoto aliye chini ya miaka 2 mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na aliyezidi umri huo mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole zaidi. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma, miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 6 na miligramu 20 kwa aliyezidi hapo. Metronidazoli, ambayo imezoeleka kupewa kila mtoto anayeharisha, haina kazi katika kuhara kwingi kwa watoto. Damu kwenye kinyesi ni jambo tofauti, kwa sababu hiyo huashiria kuhara damu kunakosababishwa na bakteria, na mtoto huyo aende kituoni akapewe antibiotiki inayostahili.

Hatua ya 4: Kituoni, uliza kipimo kinasema nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo antibiotiki nyingi za watoto zinapoanzia. Mtoto ana homa, kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi, na mama amesafiri kutoka mbali na anatarajia kuondoka na kitu mkononi. Mhudumu naye ana foleni ndefu na anaogopa kukosea. Katika hali hiyo majibu mawili hutolewa kwa wingi, yaani "ana UTI" na "ana taifodi".

Maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) yapo kwa watoto na yanaweza kudhuru figo, kwa hiyo si ya kupuuzwa. Lakini yanahitaji mkojo uliochukuliwa vizuri. Mkojo uliokamuliwa kutoka kwenye nepi au pampasi haufai, na ule uliokingwa bila kumsafisha mtoto hubeba bakteria wa ngozi na wa kinyesi, hivyo utaonyesha maambukizi yasiyokuwepo. Msafishe mtoto sehemu za siri kwa maji na sabuni, msuuze, kisha kinga mkojo wa katikati, ukiacha wa mwanzo umwagike, kwenye kichupa ulichopewa na maabara. Usiguse ndani ya kichupa wala kifuniko chake, na ukifikishe maabara mapema. Endapo kituo kina uwezo wa kuotesha vimelea, omba mkojo uoteshwe kabla mtoto hajaanza dozi, kwa sababu majibu yatakayotoka baada ya siku 2 au 3 yataonyesha si jina la bakteria tu, bali na dawa zinazomuua. Katika UTI kipimo hiki kina umuhimu wa pekee, maana bakteria anayeisababisha mara nyingi ni E. coli, na huyu katika eneo letu amejenga usugu mkubwa dhidi ya ampisilini na kotrimoksazoli.

Kuhusu taifodi, kipimo cha Widal, ambacho majibu yake huja kwa tarakimu kama 1:80 au 1:160, hakiwezi kuthibitisha ugonjwa kwa kipimo kimoja. Kinapima kingamwili, na kingamwili hizo hubaki mwilini baada ya ugonjwa uliopita au huzalishwa na vimelea wengine wa jamii hiyo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Mtoto anayeambiwa ana taifodi kila baada ya miezi michache kwa kipimo cha Widal pekee ana uwezekano mkubwa wa kuwa hajawahi kuwa nayo, na kila mara anamezeshwa siprofloksasini au kuchomwa seftriaksoni bure.

Maswali haya unaweza kuyauliza bila kumvunjia mtu heshima:

"Dokta, umeona nini kinachoonyesha kwamba huu ni ugonjwa wa bakteria?"

"Je, tukimwangalia kwa siku 2 bila antibiotiki, kuna hatari gani?"

"Kama hii ni lazima, kwa nini tusianze na amoksilini?"

"Nirudi lini, na nikiona nini nirudi kabla ya siku hiyo?"

Swali la tatu lina msingi wake. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu, yaani zile za kutumika kwanza, zile za kutumika kwa tahadhari na zile za akiba. Amoksilini imo katika kundi la kwanza. Azithromaisini, sefiksimu, siprofloksasini na seftriaksoni zimo katika kundi la tahadhari, kwa kuwa zinachochea usugu kwa kasi zaidi na tunazihitaji zibaki na nguvu kwa wagonjwa mahututi. Sindano ya seftriaksoni inapotolewa kwa mtoto mwenye mafua kwa imani kwamba sindano ina nguvu kuliko dawa ya kunywa, tunaichosha silaha ambayo mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo ataihitaji kesho.

Nawe mhudumu akikwambia, "Mama, huyu hahitaji antibiotiki, mnyonyeshe na umrudishe keshokutwa," usione umenyimwa huduma. Katika utafiti uliofanyika kwenye vituo vya afya vya mikoa ya Mbeya na Morogoro na kuchapishwa mwaka 2023, wahudumu waliotumia programu ya kwenye tableti inayowaongoza hatua kwa hatua katika kumchunguza mtoto waliandika antibiotiki kwa asilimia 23 ya watoto, ilhali katika vituo vya kawaida walioandikiwa walikuwa asilimia 70. Watoto wa pande zote mbili walipona sawasawa. Kwa maneno mengine, watoto wengi waliokuwa wakipewa dawa hizo hawakuzihitaji.

Hatua ya 5: Sikio na koo

Sikio linaloanza kuuma ghafla kwa mtoto mwenye homa, au lililoanza kutoa usaha ndani ya siku chache zilizopita, lionwe kituoni, na amoksilini huenda ikatolewa. Lakini sikio ambalo limekuwa likitoa usaha kwa siku 14 au zaidi halitibiwi kwa antibiotiki za kunywa. Linahitaji kukaushwa na kuwekewa matone yanayoandikwa na mhudumu. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza maji, kisokote kiwe utambi laini, kiingize taratibu sikioni, kiache kilowe, kitoe, kisha weka kingine kikavu mpaka sikio likauke. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na matone yawekwe baada ya kukausha. Njiti za kusafishia masikio zisitumike, na mafuta yasimiminwe humo.

Koo ni habari nyingine. Koo nyingi zinazouma ni za virusi, hasa zikiambatana na mafua na kikohozi. Lakini koo la bakteria streptokoka, lenye homa, mitoki iliyovimba shingoni na usaha kwenye mafindofindo bila kikohozi, lisipotibiwa vizuri linaweza kusababisha homa ya baridi yabisi ya moyo, ugonjwa unaoharibu vali za moyo na kuwafikisha watoto wetu kwenye meza za upasuaji. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 na kuendelea, kwa hiyo wakumbuke pia kaka na dada zake. Jambo la kutia moyo ni kwamba bakteria huyu hajajenga usugu dhidi ya penisilini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1928. Mtoto akiandikiwa penisilini ya kunywa kwa siku 10, ni siku 10 kamili, hata kama koo limeacha kuuma siku ya tatu. Au apate sindano moja ya benzathini penisilini ikaimaliza kazi hiyo.

Hatua ya 6: Kwenye duka la dawa

Nchini Tanzania maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamewafikishia dawa watu wengi walioko mbali na hospitali, na mengi yana watoa dawa waliofunzwa vizuri. Nenda na cheti. Usiseme "dada, nipe dawa ya mtoto ya kifua," kwa sababu sentensi hiyo humwachia muuzaji kubahatisha ugonjwa. Mpe cheti, mtajie umri na uzito wa mtoto, na mweleze kama amewahi kupata vipele au kuvimba baada ya kunywa dawa yoyote.

Usinunue nusu dozi. Fedha isipotosha, mwambie mtoa dawa waziwazi na umuulize kama ipo ya bei nafuu zaidi ya aina hiyo hiyo, kwani amoksilini ya kampuni moja na ya nyingine hutofautiana sana bei. Kapsuli za watu wazima zisifunguliwe na unga wake kugawanywa kwa kukisia. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, angalia kama muhuri wa kifuniko haujavunjwa, na ukiwa na shaka na dawa toa taarifa kwa mamlaka ya dawa. Nchini Tanzania ni TMDA, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Hatua ya 7: Kuchanganya, kupima na kumnywesha

Wazazi wengi hufuata ushauri wote uliotangulia kisha wakakosea hapa, na hapa ndipo mtoto hupunjwa bila mtu kujua.

Dawa ya unga huja kwenye chupa yenye alama ya mstari. Gongagonga chupa ili unga ulioganda chini uachane. Tia maji yaliyochemshwa na kupoa hadi karibu nusu ya kiasi kinachotakiwa, funga, tikisa mpaka unga wote uyeyuke, kisha ongeza maji hadi kwenye mstari na utikise tena. Maji yakizidi mstari, kila kijiko kitakuwa na dawa pungufu. Yakipungua, kila kijiko kitazidi. Andika kwenye chupa tarehe uliyoichanganya. Amoksilini nyingi zilizochanganywa hudumu siku 7. Amoksilini iliyounganishwa na asidi ya klavulani lazima ikae kwenye friji, na kama huna friji mwambie mhudumu kabla hajaiandika. Fuata maelezo ya kwenye boksi.

Soma nguvu ya dawa. Chupa moja imeandikwa miligramu 125 kwa mililita 5, nyingine miligramu 250 kwa mililita 5, na zote huweza kuwa na ladha na rangi moja. Mama aliyeandikiwa ya 250 akapewa ya 125 na kuendelea na mililita zile zile, atampa mwanawe nusu ya dozi kwa siku zote. Pima kwa kikombe au bomba la kupimia lililokuja na dawa, kamwe si kwa kijiko cha chai cha nyumbani, kwa sababu vijiko vyetu havilingani. Tikisa chupa kila mara kabla ya kumimina.

Mahali penye vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji, mimi huvipendekeza kuliko unga. Havihitaji friji, kila kidonge kina kiasi kinachojulikana, kwa kawaida miligramu 250, na kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama wakati wa kunywa. Katika matibabu ya nimonia, mtoto wa kilo 4 hadi asiyefika kilo 10 hupewa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na yule wa kilo 14 hadi 19 hupewa vitatu kila mara, kwa hiyo utaona jinsi ilivyo kosa kumpa mdogo na mkubwa kiasi kimoja kwa kuwa wote wanakohoa.

Mnyweshe akiwa ameketi au ameinuliwa kichwa, bomba likielekezwa ndani ya shavu, kidogo kidogo. Usimbane pua. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia kipimo kile. Akitapika tena, mrudishe kituoni. Ukisahau kipimo, mpe unapokumbuka, ila kama wakati wa kipimo kinachofuata umekaribia endelea na hicho bila kukirudufu. Idadi ya siku ni ile iliyoandikwa na mhudumu, usiipunguze kwa sababu anacheza wala kuiongeza kwa sababu dawa imebaki chupani. Kinachobaki hakihifadhiwi kwa ajili ya homa ijayo, na hakipewi mtoto wa jirani. Kirudishe duka la dawa au kituoni wakakiteketeze.

Hatua ya 8: Siku ya tatu

Mtoto aliyepata dawa sahihi kwa kipimo sahihi kwa kawaida huonyesha nafuu ndani ya siku 2 hadi 3. Pumzi zinapungua, homa inashuka, anaanza kula. Hesabu pumzi tena na ulinganishe na ulizoandika. Kama hakuna nafuu, mrudishe kwa mhudumu aliyemwona ukiwa na chupa yenyewe, na umweleze mlivyoitumia. Usibadilishe dawa mwenyewe na usiongeze ya pili juu ya ya kwanza. Sababu zinaweza kuwa kwamba ugonjwa ni wa virusi, kipimo kilikuwa kidogo, ni kifua kikuu, au kweli bakteria ni sugu. Anayeweza kuzitenganisha ni mhudumu mwenye vipimo, na kama mtoto amelazwa hospitalini karibuni mwambie, kwa kuwa bakteria wa wodini huwa sugu zaidi. Akizidiwa kabla ya siku hiyo, rudi mara moja.

Hatua ya 9: Punguza nafasi za kuugua

Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza hupunguza kuhara na nimonia. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha. Wanaofuga kuku wa kisasa wafuate siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa ya mifugo kabla ya kuuza au kula nyama na mayai, na wasiweke antibiotiki kwenye maji ya kuku wasioumwa.

Chanjo ina nafasi ya pekee, kwa kuwa mtoto asiyeugua hahitaji dawa. Chanjo ya nyumokoka, inayozuia aina kali za nimonia na homa ya uti wa mgongo, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011 na Tanzania karibu na mwanzo wa mwaka 2013, na katika ratiba ya Tanzania hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 pamoja na ile inayokinga magonjwa matano kwa pamoja. Chanjo ya rota, inayozuia kuhara kukali, nayo huanza katika wiki ya 6. Angalia kadi ya kliniki leo. Kama kuna tarehe iliyopita bila mtoto kuchanjwa, mpeleke siku ya kliniki inayofuata hata kama miezi imekwenda. Nyingi ya chanjo hizo bado anaweza kupewa, na muuguzi atampangia zilizobaki bila kuanza upya.